DHAHABU YA LUPA NA DHAHABU YA HIJAZ: SISI TUMEBAKI NA NINI?

(Hii ni mada niliyoitoa Jeddah siku ya Ijumaa mbele ya ndugu zetu wa Afrika Mashariki. Waliokuwepo waliniomba niiweke kwenye maandishi ili na walioko nyumbani waisome. Nimeiacha karibu kama nilivyoisema, ila nimepunguza utani.)

  

Nawashukuru kwa kunialika. Nimetoka Riyadh, mwendo wa karibu kilomita 950 kwa barabara, na kwa kuwa kazi yangu ni ya zamu mnajua maana ya kupata siku mbili za mapumziko zinazofuatana. Mimi ni muuguzi. Historia naisoma kwa mapenzi tu, kwa hiyo wataalamu mliomo humu mtanivumilia.

Mada niliyopewa ni urithi wetu. Nilipoambiwa nichague sehemu moja ya nyumbani, nilichagua Chunya, mashamba ya dhahabu ya Lupa, mkoa wa Mbeya. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba upande wa mama yangu ni watu wa Rungwe, na babu yangu alikwenda kufanya kazi ya dhahabu huko. Ya pili ni kwamba sisi sote tuliomo humu ndani, ukiangalia vizuri, tuko kwenye rashi. Wachimbaji kule nyumbani wakisema rashi wana maana ya watu kumiminika mahali palipotoka dhahabu, kila mtu na chepe lake. Sisi tumemiminika kwenye riyali. Tofauti ni vifaa tu.

Nitaanza na dhahabu ya hapa tulipo, halafu nitarudi nyumbani.

Wengi wetu tunaijua dhahabu ya Saudia kwa njia ya sokoni. Riyadh tunakwenda soko la Dira karibu na ngome ya Masmak, hapa Jeddah mnakwenda Balad. Tunanunua bangili moja ya karati 21, mwakani nyingine, na hiyo ndiyo benki yetu. Lakini ni wangapi wanajua kwamba nchi hii yenyewe ina machimbo ya dhahabu ya kale sana? Kiasi cha kilomita 275 kaskazini mashariki ya hapa kuna mji unaitwa Mahd adh-Dhahab. Maana ya jina ni kitanda cha mtoto cha dhahabu, susu ya dhahabu. Watu wamechimba pale tangu karibu miaka 3,000 iliyopita. Zama za Bani Abbas walichimba tena, na njia ya mahujaji kutoka Kufa kwenda Makka, ile inayoitwa Darb Zubaida kwa jina la mke wa Harun al-Rashid, ilipita maeneo hayo. Wapo wataalamu wa miamba wa Marekani waliodai mwaka 1976 kwamba huenda pale ndipo palipokuwa Ofiri, mahali Nabii Suleiman alipopata dhahabu yake. Hilo ni dai lao, na mabishano yake hayajesha. Linalojulikana ni kwamba mashimo ya kale na malundo ya marudio yalikuwepo, na watu wa enzi mpya walipokuja walikuta kazi nusu imeshafanywa.

Aliyewaleta watu hao ni mhandisi Mmarekani, Karl Twitchell. Alikuja mwaka 1931 kumtafutia Mfalme Abdulaziz maji na madini. Wakati ule ufalme ulikuwa maskini, mahujaji wamepungua kwa sababu ya mdororo wa uchumi wa dunia, na hazina ilitegemea Hija. Kampuni iliyoanzishwa kwa juhudi zake ilipata mkataba mwaka 1934, na mgodi wa Mahd ukafanya kazi kuanzia 1939 hadi 1954. Ulitoa zaidi ya aunsi 750,000 za dhahabu na kiasi cha aunsi milioni moja za fedha. Baadaye ukafunguliwa tena mwaka 1988, na kampuni ya taifa ya madini, Maaden, iliyoundwa 1997, ikaurithi.

Kuna jambo jingine la dhahabu lililotokea hapa hapa Jeddah, na napenda mlijue kwa sababu linahusu riyali tunazozifuata. Tarehe 29 Mei 1933 mkataba wa mafuta ulisainiwa katika kasri la Khuzam, mjini humu. Wamarekani walitakiwa walipe kwa dhahabu, hawakukubaliwa karatasi. Mwezi wa Agosti zikaletwa kwa meli paundi 35,000 za dhahabu, sarafu mojamoja, na Twitchell huyo huyo akazihesabu kwenye benki ya Waholanzi mbele ya waziri wa fedha, Sheikh Abdullah Sulaiman. Kwa hiyo utajiri wa mafuta mnaouona ulianza na dhahabu iliyohesabiwa juu ya meza. Mwenye ardhi alijua thamani ya alichonacho kuliko walivyodhani, na alidai malipo ya mkononi!

Sasa turudi kwetu, na tuanze pwani, kwa sababu dhahabu ndiyo iliyotuunganisha na Hijaz kabla ya visa na ukafili.

Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Kilwa. Dhahabu iliyokuwa ikitoka bara, nyanda za Zimbabwe ya leo, ilipitia Sofala, na Kilwa ndiyo iliyokuwa imeshika biashara hiyo. Sultani aliyemkuta, al-Hasan bin Sulaiman, alisifika kwa kutoa hata akaitwa baba wa vipawa. Na Ibn Battuta anaeleza kwamba masharifu walikuwa wakija kwa sultani huyo kutoka Iraki na Hijaz kupokea fungu lao. Mmenisikia? Watu wa Hijaz walikuwa wakija Kilwa kutafuta riziki! Sarafu za dhahabu zenye jina la sultani huyo zimepatikana, ingawa ni chache mno. Jumba lake la Husuni Kubwa mpaka leo magofu yake yanaonekana. Sisemi haya ili tujidai. Nasema ili kijana wetu anayedharauliwa huku akiitwa majina, ajue kwamba njia hii ilikuwa na pande mbili.

Wakaja Wajerumani. Mwaka 1909 walianza kuchimba Sekenke, Iramba, mkoa wa Singida wa leo. Vita vya kwanza vilipokuja Waingereza wakafunga bahari, koloni likakosa sarafu. Mwaka 1916 kwenye karakana ya reli Tabora wakapiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15, upande mmoja ina tembo na mlima nyuma yake. Zilitoka zaidi ya 16,000, na dhahabu ilitoka Sekenke. Leo hizo sarafu zinauzwa kwenye minada ya Ulaya kwa bei ambayo mshahara wangu wa miezi kadhaa haufui dafu. Dhahabu ni yetu, tembo ni wetu, mlima ni wetu, na walioipiga chini ya usimamizi wa mabwana wale walikuwemo watu wetu. Waulizeni watoto wetu kama wamewahi kuiona hata picha yake shuleni.

Halafu ikaja Lupa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 dhahabu ilionekana kwenye mchanga wa mto Lupa na vijito vyake. Mwanzo walikuwa wachache. Rashi yenyewe ilikuja miaka ya 1930, na sababu yake haikuwa Chunya, ilikuwa dunia nzima. Mwaka 1929 uchumi wa dunia ulianguka. Mkonge, kahawa, pamba, vyote bei ikashuka. Mwaka 1931 Uingereza ikaacha kuifunga paundi yake kwenye dhahabu, na 1934 Marekani ikapandisha bei ya aunsi hadi dola 35. Yaani kila kitu kinaanguka, dhahabu peke yake inapanda. Wazungu waliofilisika mashambani wakabeba mahema wakaenda Lupa. Mji wa Mbeya, ulioanzishwa mwaka 1927, ulinenepa kwa biashara hiyo.

Lupa ni nchi kavu. Maji ya kuoshea mchanga hayatoshi miezi mingi ya mwaka, kwa hiyo sehemu nyingi walipepeta mchanga mkavu kwa upepo wa mashine za mkono, vumbi linaruka, dhahabu nzito inabaki. Wazungu walikuwa mamia. Waliopepeta, waliochimba mitaro na kubeba mawe walikuwa maelfu kwa maelfu ya vijana Wanyakyusa, Wandali, Wasafwa, Wanyiha na wengine waliotoka mbali zaidi. Na nyuma yao walikuja akina mama na wafanyabiashara na mizigo ya mchele, ndizi na maharage kutoka Rungwe na Kyela, kwa sababu Lupa haikuweza kujilisha. Bibi yangu alikuwa akisema kwamba dhahabu ya kweli ilikuwa kwenye ndizi, maana mwenye kuuza ndizi alirudi na hela kila safari, na mwenye kuchimba alirudi na hadithi.

Baada ya mchanga kupungua, ikaja migodi ya miamba, ya kwenda chini ya ardhi. Mkubwa kuliko yote ulikuwa Saza, uliofungwa mwaka 1956. Babu yangu yeye alikuwa mgodi mwingine mdogo, na kazi yake ilikuwa kutoboa mwamba. Alirudi nyumbani na baiskeli, blanketi na kikohozi. Baiskeli iliuzwa, blanketi lilichakaa. Kikohozi alikuwa nacho mpaka anakufa. Mama anasema walidhani karogwa, kwa sababu alikonda huku anakula.

Ndugu zangu, mimi nimesomea kazi hii. Sikumwona babu, sina picha ya kifua chake, kwa hiyo sitamtangazia ugonjwa kaburini. Ila nitawaambia vumbi la mwamba wa dhahabu hufanya nini, kwa sababu wadogo zenu wanalivuta leo. Mwamba huo umejaa silika. Ukitobolewa bila maji, vumbi lake laini linaingia ndani kabisa ya mapafu, na mapafu yanajijengea makovu. Makovu hayo hayana dawa. Mtu anaweza kuacha mgodi na makovu yakaendelea kukua. Na mapafu yenye silika yanashikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko mapafu ya kawaida. Mtu anatibiwa kifua kikuu, anapona, anarudi kwenye shimo, kinarudi. Nyumbani wanasema dawa za serikali hazifanyi kazi, au wanasema mkono wa mtu. Hakuna mkono wa mtu. Ni vumbi.

La pili ni zebaki. Wachimbaji wadogo wanasaga mawe kwenye karasha, wanaosha, wanachanganya na zebaki ili ikamate chembe za dhahabu, halafu wanachoma kwenye kikaango. Zebaki inapaa kama mvuke usio na rangi, dhahabu inabaki. Mara nyingi wanachomea uani, mahali mama anapopikia, mtoto yuko mgongoni. Mvuke huo unashambulia mishipa ya fahamu na figo. Mikono inatetemeka, kumbukumbu inapotea, usingizi unakwisha, hasira zinakuja. Ile inayomwagika inafika mitoni, inageuka kuwa sumu nyingine mbaya zaidi, inaingia kwenye samaki, na mama mjamzito akila inamfikia mtoto tumboni na kuharibu ubongo wake unaokua. Dunia imekubaliana kuhusu hili katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ulioanza kufanya kazi 2017, na Tanzania na Kenya zote zimo. Lakini mkataba haumfikii mtu wa kikaango kama hakuna wa kumpelekea.

Sasa ndugu zetu Wakenya wasidhani nawasahau. Kakamega walikuwa na rashi yao. Mwaka 1931 Mmarekani aliyekuwa akilima upande wa Eldoret, L. A. Johnson, alipata dhahabu kwenye eneo la mto Yala, na masetla waliopigwa na nzige na bei mbovu za mazao wakamiminika. Tatizo ni kwamba ile ilikuwa ardhi ya wenyeji, na mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilikuwa imetunga sheria ikiahidi kwamba hiyo ni ardhi yao milele. Ikitwaliwa kipande, watapewa ardhi nyingine ya thamani sawa, na baraza lao litaulizwa. Desemba 1932, dhahabu ikiwa imeshaonekana, wakairekebisha sheria harakaharaka: fidia inaweza kuwa pesa tu, na baraza si lazima liulizwe. Milele ilidumu miaka miwili! Hata Uingereza kwenyewe watu walipiga kelele kwamba ahadi imevunjwa. Lakini mgodi wa Rosterman ulichimbwa mpaka mwaka 1952, na kizazi kile cha Abaluhya kilijifunza siasa kwenye mashimo yale.

Nimeleta habari ya Kakamega kwa makusudi. Mara nyingi tukizungumza dhahabu tunazungumza asilimia. Asilimia ni muhimu, sikatai. Tanzania kwa sheria ya 1998 mrabaha ulikuwa asilimia 3, sheria ya 2010 ikapandisha hadi 4, na mabadiliko ya 2017 yakaleta 6 pamoja na ada ya ukaguzi ya 1, na serikali kuchukua hisa zisizopungua asilimia 16 bila kulipia kwenye migodi mikubwa. Halmashauri inapata ushuru wa huduma kwenye mauzo. Mwaka 2019 yakafunguliwa masoko ya dhahabu, la Chunya likiwemo, na mchimbaji mdogo akapata mahali pa kupima mzigo wake kwa mizani inayoonekana. Kenya kwa sheria ya 2016 mrabaha unagawanywa: serikali kuu 70, kaunti 20, jamii ya mahali penyewe 10. Hizo ni hatua, tuseme ukweli. Tulipokuwa tunapiga kelele kuhusu Bulyanhulu na Buzwagi hatukuwa tunapoteza wakati.

Lakini swali langu la leo ni jingine. Dhahabu inakwisha. Hilo ndilo jambo la kwanza kuhusu dhahabu. Ikishakwisha, mahali pale panabaki na nini? Na waliochimba wanabaki na nini?

Nilipokwenda likizo nilipita Chunya makusudi. Barabara kutoka Mbeya sasa ina lami. Pana majengo ya zamani, mengine yanatumika, mengine yameezuliwa. Pana mashimo porini, mengine hayana hata alama, ng'ombe wanatumbukia. Marudio ya zamani yanachenjuliwa upya, kwa sababu teknolojia ya leo inapata dhahabu ambayo wale wa zamani waliiacha. Niliwauliza vijana wa pale, babu zenu walikuwa wapi wakati ule? Wengi hawakujua. Walijua jina la mzungu mmoja au wawili. Jina la mpepetaji hata mmoja hawakujua.

Sasa angalieni hapa Jeddah. Balad ilikuwa inaanguka. Nyumba za mawe ya matumbawe, ujenzi ule ule wa Kilwa na Lamu, zilikuwa zinaporomoka, zinaungua, wenyewe wamehamia mitaa mipya. Mwaka 2014 Jeddah ya kale iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na miaka iliyofuata serikali imemwaga fedha kuzikarabati. Mtu wa kawaida anatembea pale jioni, anakunywa chai, anapiga picha. Kilwa yetu imo kwenye orodha hiyo tangu 1981! Tulitangulia miaka 33. Tukakaa mpaka ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, ikatolewa 2014. Tusidanganyane, tatizo letu si fedha peke yake. Ni kwamba hatukuwahi kukaa tukakubaliana kwamba kitu hiki kina thamani.

Na Chunya ina shida ya kisheria ambayo wengi hawaijui. Sheria yetu ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1886, na vitu vya kabla ya 1863. Jengo la mwaka 1935 halimo, mpaka waziri alitangaze kwa jina. Kwa hiyo urithi wote wa rashi ya Lupa, mashine, majengo, makaburi, uko wazi. Mtu akitaka kukata mtambo wa kale auze chuma chakavu, anakata tu.

Huko Riyadh, tangu mwaka 2022, kila Januari unafanyika mkutano mkubwa wa madini, na mawaziri wa Afrika wanaalikwa. Mwaka 2023 Maaden na mfuko wa uwekezaji wa taifa waliunda kampuni ya Manara ya kuwekeza kwenye migodi nje ya Saudia. Maana yake fedha ya huku inatafuta madini ya kwetu. Mimi sina ugomvi na hilo. Nataka tu wakubwa wetu wakikaa kwenye viti vile wakumbuke zile paundi 35,000. Mfalme alikuwa na shida kuliko wao, na bado hakupokea ahadi.

Sasa nifikie kwetu sisi, kwa sababu kulaumu wakubwa ni rahisi.

Babu zetu walikwenda Lupa kwa mkataba wa vibarua. Walilala kambini. Waliotoroka walikamatwa na kurudishwa kazini. Walioumia walirudishwa kwao. Sisi tumekuja kwa mkataba, tuna kafili, tunakaa kwenye majumba ya waajiri au mabweni ya hospitali. Mimi nina cheti, nina zamu ya saa kumi na mbili na mshahara unaingia. Lakini wamo humu dada zangu wa kazi za ndani ambao kuja hapa leo wameombewa ruhusa, na wako ambao hawakupata. Wengine mshahara wao unakaa mikononi mwa mwajiri miezi. Wapo waliorudi nyumbani ndani ya sanduku, na familia ikaambiwa maneno mawili matatu. Baada ya miaka 80 mjukuu akiuliza, bibi yangu alikuwa wapi enzi ya rashi ya Ghuba, nani atamjibu? Atajua jina la kampuni ya mafuta. Jina la bibi yake halitakuwepo popote.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, na naomba tuyajadili kabla ya kwenda kula.

Moja. Kila mwenye mzee aliye hai aliyefanya kazi Lupa, Geita, Kakamega, au hata aliyeuza mchele kambini, amrekodi. Simu unayo. Muulize alitoka kijiji gani, alilipwa shilingi ngapi, walikula nini, nani alikufa na akazikwa wapi. Waliofanya kazi kabla ya 1956 wamebaki wa kuhesabu, na mwakani watakuwa wachache zaidi. Hili halihitaji mfadhili.

Mbili. Turekodi na sisi. Dada wa kazi za ndani aliyekaa hapa miaka kumi ana habari kuliko mtafiti yeyote. Majina yafichwe inapobidi, lakini habari iandikwe kwa Kiswahili na ihifadhiwe nyumbani.

Tatu. Tuandike barua kwa halmashauri ya Chunya na kwa wizara inayohusika na mambo ya kale, tuombe majengo na mitambo michache iliyobaki itangazwe rasmi kuwa urithi, na sehemu ndogo ya ule ushuru wa huduma itengwe kwa nyumba moja ya kumbukumbu. Nyumba moja tu, vyumba viwili. Tukiambiwa hakuna fedha, tuwe na michango yetu mkononi ili tukutane katikati.

Nne, na hili nalisema kama muuguzi. Kipo kifaa cha chuma, kidogo, kinachofunika kikaango na kuunasa mvuke wa zebaki, ukapoa na zebaki ikarudi kutumika tena. Mafundi wetu wa kuchomelea wanaweza kukitengeneza. Bei yake ni ndogo kuliko bangili nyembamba kabisa ya pale Balad. Kila mmoja wetu mwenye ndugu machimboni, badala ya kumtumia hela ya simu mpya, amtumie hicho, na amwambie alowanishe mwamba kwa maji kabla ya kutoboa, na asichomee uani penye watoto. Akikohoa zaidi ya wiki mbili aende kituo cha afya, na amwambie daktari kwamba yeye ni mchimbaji. Neno hilo moja linabadilisha vipimo atakavyopewa.

Nimalizie na jambo moja ambalo mashehe mtanisahihisha. Vitabu vya hadithi vinasimulia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimpa Bilal bin Harith al-Muzani machimbo ya Qabaliyya, nchi hii hii ya Hijaz, na kwamba zaka iliendelea kuchukuliwa kutoka machimbo yale muda mrefu baadaye. Kwa mimi nisiye mtaalamu, nalisoma hivi: aliyepewa shimo hakupewa peke yake. Ndani ya shimo mlikuwa na haki ya mtu mwingine, hata kama hakushika chepe. Na kwetu Rungwe wazee ambao hawakujua kusoma walisema hivyo hivyo kwa njia yao, kwamba aliyekwenda Lupa akarudi bila kitu cha watoto wa ndugu yake, huyo alikwenda kutembea.

Basi na sisi tusije tukawa tulikwenda kutembea.

Naomba kuwasilisha. Mungu awarudishe nyote nyumbani mkiwa na afya zenu.